Mbwa wa Kupakatwa

Kila jioni Regina alirudi kutoka kituo cha kupimia majani chai pale Kibugu, akatua kikapu, akamchana mbwa wake Kanini manyoya kuanzia shingoni hadi mkiani. Kisha alimfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, maana mbwa wa aina hiyo hutokwa na machozi hata akiwa na furaha. Alipomaliza, Kanini alitembea hadi kwenye kigoda cha barazani, akainuliwa, akalala hewani, shubiri moja na nusu juu ya kigoda, pale mapaja ya Jedidah yalipokuwa.

Jedidah, mama yake Regina, alizikwa mwezi wa tatu nyuma ya jikoni. Mwezi wa nne alianza kurudi jioni kukaa. Majirani waliopita njiani wakimwona mbwa juu vile walisalimu kigoda na kuendelea na safari zao. Regina yeye alitandika gunia la maganda ya mahindi chini, kwa sababu mama yake, tangu uhai wake, alikuwa mtu wa kuinuka bila kuaga, na mbwa yule hakufaa kuanguka. Mgongo wake ulikuwa mrefu na miguu mifupi. Tumbo lake, kila aliposhuka, lilikuwa baridi kama la mtu aliyelala kwenye sementi.

Hayo ya mgongo yalikuwa kitabuni. Daktari mmoja mgeni, ambaye Regina alimfulia nguo kwa miaka minne, aliporudi kwao aliacha mbwa na kijitabu. Regina alimsomea mama yake kwa Kiembu, jioni baada ya jioni. Jedidah alipenda sana historia: kwamba mbwa hao, Wapekini, walifugwa katika majumba ya wafalme wa China, wakabebwa ndani ya mikono mipana ya kanzu, na mwananchi akikutana na mmoja sharti ainame.

"Na hapa anakula githeri," Jedidah alisema, akamtia ndani ya sweta na kwenda naye kuchuma chai.

Kuhusu tabia, kijitabu kilisema mbwa huyu huchagua mtu mmoja na habadilishi. Kuhusu utunzaji kilisema pua yake ni fupi mno, joto linaweza kumuua, na akae mahali penye baridi. Kibugu, chini ya msitu wa mlima, hilo halikuwa tatizo.

Tatizo lilikuwa matoka. Watu wa huko hupanda mayungiyungi hayo kuweka mpaka wa shamba, na anayeyang'oa hulaaniwa. Lakini sharti wazee waitwe washuhudie, wapikiwe uji, waonje, waone kila shina likiingia ardhini. Jedidah aliyapanda wiki moja kabla ya kufa, akatenga sehemu ya chini ya shamba la chai, ile inayofika mtoni, akasema hiyo ni ya Regina. Wazee siku hiyo walikuwa mazishini kule Kanja. Alisema atawaita mvua ikipungua. Mashahidi walikuwa Regina na Kanini.

Mwezi wa nane Mugendi, kaka yake Regina, shemasi, mtu wa sauti ya upole, alitaka chai yote. Dada yake angehamia Siakago, kwenye ekari mbili za mawe na migunga alizoacha baba yao. Regina alikataa. Wazee wakaitwa, safari hii na uji.

Walisimama kando ya matoka. Mzee Mbogo, mwenyekiti, alikuwa bado anauliza habari za mvua wakati Kanini alipoteremka kati ya michai, akafika kwenye mstari, akainuliwa hadi kimo cha kifua. Wazee walivua kofia.

"Habari ya jioni, Mama Mugendi," akasema Mzee Mbogo.

Mugendi alikwenda nyumbani, akarudi na kigoda. "Kaa, Mami, usichoke," akasema, akakiweka upande wa juu wa matoka, upande wake. Kanini akashuka hadi kimo cha mapaja, lakini si pale. Alishuka upande wa chini, ambako hakukuwa na kigoda. Kila mtu aliona. Karani akaandika kwamba marehemu alihudhuria.

"Mzee, si mmeona wenyewe?" Regina akauliza.

"Tumeona, Regina. Hata nimemsalimia. Lakini hii karatasi inataka ID namba na sahihi. ID ya mama ilirudishwa ile siku ya kuchukua kibali cha mazishi. Sasa nitaandika nini?"

"Na Kanini?"

"Huyo ni mbwa, Regina."

"Mimi sina ubaya na Mami," Mugendi akasema. "Ako karibu kila siku. Lakini shamba ni shamba. Huko Siakago utazoea, ni joto tu."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Jedidah alikuwepo, na lake halikuwepo vilevile. Uji ulinywewa, sahihi zikatiwa, na Mugendi mwenyewe akang'oa matoka kwa jembe. Laana haikumpata. Mwaka ule majani yalimstawia.

Regina aliondoka na godoro, sufuria, gunia na mbwa. Kigoda hakupewa, kwani kilikuwa cha mama, na mambo ya mama yalikuwa ya nyumba.

Siakago ilikuwa kama jiko lililosahauliwa likiwaka moto. Kanini alihema mdomo wazi, ulimi ukabadilika rangi. Regina alimlowesha tumbo, akampepea na kifuniko cha sufuria siku mbili bila kulala. Aliogopa kumpoteza, akajua kwamba akimpoteza atakuwa amebaki peke yake duniani.

Siku ya tatu jioni, Kanini aliinuka, akaenda hadi kwenye mtungi wa plastiki uliolazwa mlangoni, akapanda hewani. Akaacha kuhema. Regina aliingiza mkono chini yake. Palikuwa na baridi ya Kibugu, na harufu ya majani mabichi ya chai. Jedidah alikuwa na goti bovu, na njia ni ndefu kwa miguu.

"Pole na safari, Mami," akasema, akalia.

Jumapili Mugendi alipiga simu.

"Mami ako huko?"

"Ako."

"Nilijua. Hapa kigoda kimekaa tu. Basi umwambie mvua imeanza, ile chai ya chini inatoka poa sana."

Regina alimwambia. Kanini akashuka kidogo hewani, kama mapaja yashukavyo mtu anapojiinamia kulia, kisha akaanza kutikisika taratibu. Regina akasogeza gunia chini yake.