Mdogo Wake Koti

Watu huua kwa sababu ya mali, wengine kwa sababu ya wivu. Kijana huyu aliua kwa sababu ya mpira. Na aliyeuawa hakuwa hata mtu wa kweli, ila ukimwambia bibi yake hivyo utajuta.

Iko hivi. Bibi yake ni fundi cherehani, na karakana yake ni sebule. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na kochi limegawanywa: nusu ya watu, nusu ya sare za shule zinazosubiri vifungo. Ukutani kuna televisheni aliyoileta shangazi, ile ya kuunganisha na intaneti ukaangalia unachotaka. Saa kumi jioni cherehani inafunikwa kwa sababu ina kelele kuliko wateja, na Bibi anahamia kazi za mkono. Hapo ndipo mjukuu anashika rimoti.

Kipindi chenyewe ni cha majambazi na shujaa, kwa Kiingereza cha puani. Bibi macho yake yako kwenye sindano, masikio yako kwa mjukuu. Picha anaziibia tu, akikata uzi.

"Aliyeingia nani?"

"Glavu."

"Kavaa glavu zake?"

"Kavaa."

"Mtu wa heri hafichi vidole."

Majina ni ya Bibi, ya kwenye kipindi hayamhusu. Glavu ni mkubwa wa majambazi, anachoma nyumba za wazee ili achukue viwanja. Jiwe ndiye shujaa, fundi wa lifti mwenye mwili wa maajabu: akitaka anakuwa mzito kama lori la mchanga, akitaka anakuwa mwepesi kama unyoya wa kuku. Halafu kuna Koti. Huyu ni mpelelezi wa makamo, hana maajabu yoyote, ana mguu mbovu na koti ambalo pindo limeachia nyuma tangu sehemu ya kwanza. Kijana alikuwa upande wa Jiwe. Bibi alikuwa wa Koti, mwili na roho.

"Huyo mke wake hana sindano?" alikuwa akiuliza kila siku, na Bibi akianza kukusumbukia pindo ujue umependwa.

Sasa msimu wa kwanza, siku ya mwisho. Kijana wakati huo bado anasoma. Zimebaki dakika arobaini, Koti kapigwa risasi darajani, kaanguka mtoni chubwi. Nje wenzake wanapiga mluzi: mechi inaanza na hawana beki wa kushoto. Kijana akatazama saa, akamtazama Bibi, akabonyeza kitufe.

"Amekufa, Bibi. Ndio mwisho."

"Mwisho gani huo?"

"Hawa wenzetu ndivyo wanavyomaliza."

Akatoka mbio. Ni filamu tu, alijiambia, atasahau. Wapi. Siku mbili zile suruali tatu zilitoka na miguu isiyolingana. Na mwaka mzima, mteja akileta koti la kurekebisha, Bibi anashusha pumzi: "Nilikuwa na mtu wangu, alikuwa na koti kama hili. Maji yalimchukua." Wateja wanampa pole. Mmoja, mwalimu wa hesabu, alileta na kilo ya sukari.

Basi ukaja msimu wa pili. Kijana keshamaliza shule, anasubiri matokeo, na siku nzima anazunguka nyumba kama nzi kwenye chupa. Kitu pekee kilichompa sababu ya kuamka kilikuwa saa kumi. Bibi naye akakubali. "Tuone Jiwe atamlipizia vipi marehemu," alisema, akatia uzi kwenye sindano.

Dakika ya tano mlango wa kituo cha polisi ukafunguliwa. Ukaingia mguu mbovu. Nyuma ya mguu likaingia koti.

Zile dakika arobaini za darajani hata kijana mwenyewe hakuziona. Na Bibi, kwa bahati mbaya, ndio kwanza alikuwa anakata uzi.

"Huyo si Koti?"

"Mdogo wake," mdomo ukajibu kabla ya kichwa.

"Kafanana naye mpaka kuchechemea?"

"Ni ugonjwa wa ukoo."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilifika sehemu ya tatu. Siku ya kwanza mdogo mtu alikaa kwenye kiti cha marehemu. Siku ya pili akanywa kwa kikombe cha marehemu, na Bibi akasonya mpaka uzi ukakatika. "Kaka hajapoa kaburini, keshavaa koti lake. Hata pindo hajalishona, mvivu huyu." Kijana akawa anabadilisha maneno, anaruka vipande, anakohoa penye jina. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko mtihani wa mwisho aliofanya shuleni.

Siku ya tatu mtu huyo alikwenda nyumbani. Mwanamke akafungua mlango, akamrukia shingoni, analia. Bibi alikuwa anatafuta mkasi, akainua uso.

"Si mke wa marehemu yule?"

"Ndiye."

"Na huyu si shemeji yake?"

"Anamliwaza, Bibi."

"Ndio waingie chumbani? Kuliwaza gani kwa kuvua viatu?"

Bibi akaweka chini sare aliyokuwa anaibana kiuno.

"Zima. Na kesho usiniwashie. Bora Glavu, jambazi anajulikana jambazi. Huyu anavaa nguo ya kaka yake na anamchukua mjane. Sitaki kumwona tena humu ndani."

Rimoti ilikuwa mkononi. Angezima, mambo yangeishia pale, hakuna ambaye angejua. Lakini kesho saa kumi ingekuwa saa kumi tu, kama saa tisa na saa kumi na moja. Na kulikuwa na jingine lililomkera zaidi. Yule mzee wa watu karudi kwa mkewe na risasi ubavuni, badala ya kupokelewa anaitwa mwizi wa wake. Mwaka jana alimuua. Sasa anamharibia na jina.

"Bibi."

"Nimesema zima."

"Huyo si mdogo wake. Ni Koti mwenyewe."

Bibi alikuwa na pini nne midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake bila haraka.

"Koti alikufa."

"Hakufa. Mimi ndiye niliyemuua. Kulikuwa na mechi, nikazima kabla kipindi hakijaisha."

Kwenye kioo cha televisheni mwanamke alikuwa bado analia kwa furaha.

"Mwaka mzima," alisema Bibi, "watu wazima wenye akili zao wananipa pole."

"Ndiyo, Bibi."

"Nimekula sukari ya mwalimu."

"Tumekula wote, Bibi."

"Nyamaza. Hiyo mechi mlishinda?"

"Tulifungwa tatu."

"Mabao yaliingilia upande gani?"

Kijana akakuna kichwa. "Kushoto."

"Mungu si Athumani," alisema Bibi, na akaonekana kuridhika kidogo. Akamtazama tena yule mwanamke kwenye kioo, safari hii kwa jicho jingine. "Kwa hiyo anamkumbatia mumewe."

"Wa ndoa kabisa."

"Masikini, na mimi nimemtukana." Akavaa miwani. "Nirudishie darajani. Nataka dakika zangu arobaini."

Kijana akarudisha. Alipokaa mahali pake akakuta rundo la mashati limehamia magotini kwake, na juu yake sindano.

"Leo naangalia mimi," Bibi akasema, akijinyoosha katikati ya kochi kama bibi harusi. "Wewe shona. Vifungo saba kila shati. Ukiinua uso, unafumua."

"Kiingereza je?"

"Mtu akizama anazama kwa lugha zote."

Basi kijana akashona. Alisikia maji, risasi, mtu anapiga kelele. Kichwa hakuinua.

"Kimetokea nini?"

"Jiwe kajitupa mtoni. Kajifanya mzito, anashuka, anashuka. Kiza kitupu. Haya, kamshika ukosi." Bibi akatulia, akajifuta pua kwa kipande cha bitana. "Sasa kawa mwepesi. Wanapanda wote wawili kama povu. Koti anakohoa. Mwone, anakohoa mwanangu."

Kijana naye akapumua. Shati la kwanza likaisha, akachukua la pili.

"Na sasa?"

"Sasa Jiwe anaoa."

"Anaoa? Anamwoa nani?"

"Dada yake Glavu."

Kijana akainua uso, sindano ikamwingia dole gumba. Kwenye kioo Jiwe alikuwa peke yake jikoni, kalowa chapachapa, anakunywa chai. Hakuna bi harusi wala kaka wa bi harusi. Mabega ya Bibi yalikuwa yanatikisika, miwani imemshukia puani.

"Umeinua uso, mume wangu," alisema alipopata pumzi. "Fumua."