Kiboko Katika Daftari la Mchungaji

Mwalimu Lutengano wa Ipyana alikuwa na kazi mbili, na moja ilianza kuila nyenzake. Asubuhi aliwaandikia watoto wa shule hadithi za kusoma, za kiboko mwenye mabawa arukaye juu ya ziwa. Alasiri aliwafuata wazee, akaandika historia ya nchi katika daftari la Mchungaji, mmisionari Mjerumani. Na Mchungaji alikwisha sema, "Nikikuta ngano humu, kalamu naichukua." Meli ya kulipeleka daftari ilitazamiwa kesho.

Lilibaki jambo moja tu, asili ya wafinyanzi wa Ikolo, na aliyelijua ni bibi Tusekile peke yake. Alimkuta anasugua chungu kibichi kwa kokoto.

"Ndaga, mwalimu," akamsalimu. "Kaa, ila usiniegemee vyungu."

"Bibi, mama zenu walifikaje kwenye udongo huu?"

"Kwa kiboko," akasema, macho kwenye chungu. "Mwenye mabawa. Aliwabeba mgongoni."

Lutengano alishusha kalamu. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamepita kwa watoto, sasa yanamrudia yameota mvi.

"Nisamehe, bibi. Huyo kiboko nimemzua mimi."

Bibi akacheka hadi kokoto likamponyoka. "Wewe! Nizeeke kando ya ziwa nisijue kiboko haruki? Walikuja kwa mtumbwi, wanawake saba. Lakini mjukuu gani akae kusikiliza majina ya marehemu? Nikawapandisha marehemu kwenye kiboko wako. Sasa wajukuu wanakaa."

"Basi nipe majina. Kiboko mwache."

"Angetile. Asajile. Halafu..." Akakwama. Akarudia, akakwama palepale. Akafumba macho. "Ngoja. Wa kwanza kashika sikio hili, wa pili sikio lile. Wa tatu yuko juu ya bawa, analia kwa woga... Nsajigwa!" Na wanne waliobaki wakashuka mmoja mmoja.

Lutengano aliandika yote. Akamfuta kiboko, akayatazama majina saba yamesimama peke yake. Bibi akiondoka, nani atayakumbuka? Akamrudisha kiboko, wote wakiwa mgongoni, na chini akaandika: *Walikuja kwa mtumbwi. Kiboko ni wangu, Lutengano. Majina ni yao.*

Kesho yake akabisha hodi kwa Mchungaji, daftari mkono huu, kalamu mkono ule, tayari kuitoa.