Vidoa Chini ya Jani

Shangazi aliporudi safari hata mkoba hakuutua. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la miche kumwamkia Bibi. Bibi ndilo jina walilolipa kangaga lao la mti, mmea usiotoa maua, wenye shina jeusi la manyoya na majani marefu kuliko kitanda. La aina yake hawakupata kuliona kwingine.

Akainua jani, akachungulia chini yake. Akainua la pili.

"Safi kabisa," akamwambia binti wa kaka yake, sauti imemwishia. "Nilipoondoka niliona vidoa. Vidoa vile ndiyo mbegu zake, mama. Vumbi lake likiangukia penye unyevu, huota vijani kama mioyo midogo. Nikasema mwaka huu Bibi anazaa. Kumbe macho yangu tu, yamechoka kama mwenyewe."

Binti huyo, waliyemwita Kimya, aling'ang'ania ndoo. Vidoa aliviona, vya kahawia, vimejipanga chini ya kila jani. Na Shangazi ndiye aliyemfundisha: ukiona vidoa chini ya jani, ni wadudu, futa kwa kitambaa cha maji. Alikuwa amefuta asubuhi nzima, huku akijisifu moyoni.

"Mbona umenywea? Umekula?"

"Nimekula, Shangazi."

Alikuwa hajala. Na tangu siku ile, kila Shangazi alipopikicha macho, Kimya aliangalia pembeni kama mwizi.

Miezi ikapita. Siku moja Shangazi akasema mwenye hoteli anakuja kumchukua Bibi, akapambe mlango wa hoteli. "Akapendeze huko. Hata akizaa, mimi wa kulea kichanga macho sina."

Kimya akatoka kwenda kumwaga ndoo kwenye matofali ya chini ya bomba, pale alipomwaga siku zote, hata maji ya kitambaa kile. Tofali moja lilikuwa la kijani. Akainama. Vilikuwa vijani, vingi, vimebanana, na kila kimoja kama moyo mdogo.

Akavifurahia, kisha akageuka kutazama bandani. Akisema vimeota, ataulizwa vimefikaje huku. Akinyamaza, Bibi ataondoka.

Akaling'oa tofali, akalibeba kwa mikono miwili hadi bandani.

"Shangazi, macho yako ni mazima. Ni mimi niliyevifuta."

Shangazi alilisogeza tofali karibu na uso, akakigusa kijani kimoja kwa ncha ya kidole. Kimya hakumtazama.

"Hiyo miezi yote," Shangazi akasema polepole, "ukanisikia nikiyatukana macho yangu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kaliweke kivulini. Halafu nenda kamwambie huyo wa hoteli asije. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."