Picha ya Mukabutera kwenye Benchi

Bagula hakuwa mtu wa kusahau. Alikumbuka jina la karani aliyemwandika vibaya kwenye kambi ya wakimbizi mwaka 1998, rangi ya shati lake, na kalamu yake iliyokuwa ikivuja. Alikumbuka nani alirudi mara tatu kwenye sufuria siku ya ubatizo wa Clémence. Wakongo wenzake wa Highview, kusini mwa Louisville, Marekani, walimwita Archives, yaani hifadhi ya kumbukumbu, na yeye alidhani wanamsifu.

Basi mwezi wa kumi mwaka 2015, Hyacinthe alipotangaza kwamba anagombea urais wa mutualité, chama cha kusaidiana cha Wakongo wa Louisville, Columbus na Buffalo, Bagula alishika simu akawatumia wanachama wote ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja.

"Januari 2010," alisema, "mama Mukabutera, mjane, mutu wa miaka sitini na nane, alishuka ndege hapa Louisville na viatu vya plastiki. Ile ofisi ya wakimbizi iliyomleta ilituma karatasi, haikutuma mutu. Mkuu wa mapokezi wa chama chetu alikuwa nani? Hyacinthe, wakati ule alikuwa angali anaishi hapa. Alikuja? Hakukuja. Mama alikaa kwa benchi saa nne nzima, peke yake, theluji inaanguka inje. Nilimpiga picha na mikono yangu hii. Donc leo huyo ndiye atatuongoza?"

Dakika kumi zilizobaki alieleza mambo mengine ya Hyacinthe, kuanzia mwaka 2009.

Jibu lilitoka Buffalo, Lower West Side, alikohamia Hyacinthe, nalo lilikuwa la sekunde tisa, likimwita Bagula kwa jina la mwanawe. "Bon, Papa Elisée. Jumamosi wote tuko Columbus kwa uchaguzi. Leta hiyo picha. Ukikosa, utaniomba samahani mbele ya batu bote."

Bagula alicheka peke yake jikoni. Picha ilikuwa ndani ya kompyuta yake. Kati yake na ushindi palikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni hiyo kompyuta.

Alipewa na kanisa moja siku liliponunua mpya, na akapigwa picha akiipokea, maana kitu kilichochoka hutolewa kwa sherehe kubwa kuliko kizima. Bado ilikuwa na kibandiko cha darasa la watoto, samaki anayecheka. Ndani yake Bagula alikuwa amehifadhi picha elfu arobaini na moja: za ile kamera moja ya chama iliyokuwa ikizunguka nyumba hadi nyumba, na za simu za kila aliyewahi kuoa, kubatiza au kuzika. Majira ya kuchipua mashine ilimwomba ruhusa ya kubadilisha programu ya zamani ya picha kwa nyingine mpya. Akakubali kwa heshima. Tangu siku hiyo, ukibofya picha moja unaweza kwenda kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha kikombe, urudi ukute kigurudumu cha rangi bado kinazunguka. Picha ikija, inakuja na ukungu, kama mtu unayemwona kupitia kioo cha bafuni.

Jumatatu, alipotoka kazini kwenye ghala la mizigo saa tisa mchana, alimpigia Cleopas. Huyu alikuwa Mkenya aliyekuja Columbus kusomea kompyuta, akabaki na kazi ya ofisini, na kosa lake lilikuwa kumpa Bagula namba yake kwenye mkutano wa injili.

"Mzee, shida ni nini haswa?"

"Inatembea kama mutu wa serikali."

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Naizimaka kila siku."

"Vizuri sana," alisema Cleopas, na hapo wote wawili wakapoteza siku mbili. "Sasa niangalizie space. Imebaki ngapi?"

Ilikuwa imebaki nafasi ya kuweka labda kwaya moja, tena iwe ya nyimbo fupi. Cleopas akauliza ni nini kimejaa humo. Bagula akaanza kusoma. Harusi ya Généreuse ilikuwa humo mara kumi na nne, video nzima, kwa sababu watu kumi na wanne walimtumia kila mmoja kwa upendo wake.

"Futa kumi na tatu."

"Nifute harusi ya mutu?"

"Mzee, ni copy. Zote ni sawa."

"Sawa kwako. Généreuse akijua?"

Kwa hiyo ilibidi ampigie Généreuse kumwomba ruhusa. Généreuse aliuliza ni ipi itakayobaki. Bagula akasema zote ni sawa. Généreuse akasema hapana, ile iliyotumwa na wifi yake isibaki. Zoezi hilo lilirudiwa kwa mazishi mawili, ubatizo sita na kutawazwa kwa mchungaji mmoja, ambaye alitaka kujua kwa nini yeye anafutwa na mchungaji mwenzake hafutwi. Jumanne jioni pipa la taka la kompyuta lilimwagwa. Mashine ikapumua kidogo, kisha kigurudumu kikarudi.

"Haya," alisema Cleopas, ambaye sasa alikuwa amechoka kwa adabu. "Fungua ile orodha ya kazi zinazoendelea ndani. Ni nini kiko juu kabisa?"

Bagula akamsomea.

"Ahaa. Hiyo inatafuta nyuso. Inapitia kila picha, inapanga nani ni nani."

Kambini walimpiga picha ya uso mara tano, ya macho mara mbili, na vidole vyote kumi, na kila mara faili lilipotea ila sura yake haikupotea. "Nani aliituma?" aliuliza.

"Hakuna aliyeituma. Ni programu tu. Si huwa inakuuliza kama huyu na huyu ni mtu mmoja?"

Iliuliza, tena kwa ujinga. Tangu mwezi wa nne ilikuwa ikimletea uso wake mwenyewe kando ya uso wa Hyacinthe, ikauliza kama ni mtu mmoja. Alikuwa amejibu hapana mara arobaini na sita, na kila baada ya siku chache ilirudi na picha nyingine, kama mpatanishi wa ukoo.

"Iache imalize," alisema Cleopas. "Ikimaliza, itakuwa sawa."

"Miezi sita haijamaliza."

"Mzee. Ulisema unaizima kila siku. Unaizimaje?"

"Natosha, nachomoa waya kwa ukuta."

"Bila kuizima kwanza?"

"Kutosha waya ndiyo kuizima."

Ilibidi Bagula aeleze, maana Mkenya hawezi kujua. Kule kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, umeme haukuja kama umeme. Ulipotea wiki mbili, halafu ukarudi kwa hasira usiku watu wamelala. Uliunguza redio mbili za baba yake na friji ya parokia. Tangu hapo, nyumba yoyote aliyolala Bagula haikulala na kitu kwenye ukuta. Televisheni ilichomolewa, taa ya mezani ilichomolewa, na jiko lilinusurika kwa kuwa waya wake uko nyuma na mgongo wa Bagula hauruhusu kuinama.

Upande wa pili wa simu palitoka sauti ya mtu aliyeweka simu mezani ili acheke vizuri. Aliporudi alisema: "Mzee wangu, kila ukiing'oa hivyo, maktaba ya picha inaharibika. Asubuhi inaanza kujirekebisha, halafu inaanza nyuso tena from zero. Jioni unaing'oa. Iache ikiwaka. Usiiguse mpaka Alhamisi."

"Ikiungua?"

"Nitakununulia nyingine."

"Nitakumbuka umesema hivyo."

"Najua utakumbuka."

Jumatano ilikuwa siku ya mateso. Bagula aliweka ndoo ya maji kando ya kompyuta, na mke wake Josiane akaiondoa. Aliinusa mashine kabla ya kwenda kazini na aliporudi. Feni ilivuma kutwa kama nyumba ina mgeni mwenye pumu.

Alhamisi saa kumi za jioni, ikanyamaza.

Bagula alikaa. Akabofya, picha ikafunguka kabla kidole hakijainuka. Akabofya nyingine. Harusi, kaburi, keki, vyote vikapita kama maji. Akaandika: Mukabutera. Na hapo akatokea, vile vile alivyomkumbuka: benchi, saa ya ukutani juu ya kichwa chake, viatu vya plastiki. Bagula alipiga meza kwa kiganja.

Kisha akaangalia tena, kwa sababu sasa picha haikuwa na ukungu. Mama Mukabutera alikuwa amevaa koti la mwanamume, mikono ya koti ikining'inia hadi magotini. Programu, kwa kuwa sasa ilikuwa na bidii, ikampangia kando yake picha ya pili, ya dakika mbili baadaye. Ndani yake mwanamume mwenye shati tupu alikuwa amepiga magoti sakafuni, akimvisha mama soksi. Chini ya uso wake mashine ilikuwa imeandika jina bila kuuliza mtu: Hyacinthe. Chini zaidi iliandika wakati: saa kumi na dakika kumi na mbili, alasiri.

Januari 2010 Bagula alikuwa kiwanda cha maboksi, zamu ya mchana, hadi saa kumi na mbili. Hilo alilikumbuka vizuri.

"Mama Elisée," aliita.

Josiane alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuja akifuta mikono, akatazama, hakushangaa. "Imetoka vizuri," alisema. "Mkono haukutikisika."

"Wewe ndiye ulipiga?"

"Nani mwingine? Kamera ilikuwa kwetu wiki ile, na nilienda na Hyacinthe kumpokea. Mama alingoja robo saa tu. Ulipofika nyumbani nilikuelezea yote."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba ofisi haikutuma mutu, na kwamba Hyacinthe alikuja bila kula. Ulisikia ofisi, ukaanza kukasirika. Ya Hyacinthe hukuisikia."

"Miaka tano unanisikia nasema niliipiga mimi."

"Mwaka wa kwanza nilikusahihisha. Mwaka wa pili nilichoka." Alirudi mlangoni, akageuka. "Na huu mwaka nilimpigia Hyacinthe simu nikamwambia akuombe picha."

Bagula alibaki na mashine. Siku tatu zilizopita asingejua la kufanya, lakini sasa Cleopas alikuwa amemfundisha kufuta, na kumwaga pipa. Kishale kilisimama juu ya zile picha mbili. Kilisimama muda mrefu.

"Futa," Josiane alisema kutoka jikoni, mchi ukiendelea. "Miye ziko kwa simu yangu."

Jumamosi waliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu hadi Columbus bila Bagula kumtaja hata adui mmoja. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa mtaa wa Linden, watu tisini kwenye viti vya chuma. Hyacinthe alikaa mbele, amevaa tai. Mwenyekiti wa kikao, mzee Athanasi, alimwita Bagula atoe ushahidi wake.

Bagula alisimama. "Niko na picha," alisema. Watu wakatulia. "Picha inasema Hyacinthe alikuwapo. Inasema aliyekosekana ni mimi." Akapitisha karatasi mbili zilizochapishwa, kisha akaendelea, maana kusimama kwake bila kuendelea hakujawahi kutokea. Alisema ile ofisi bado ina hatia. Alisema mutu anayesafirisha mjane na viatu vya plastiki mwezi wa kwanza hana dini. Hapo alikuwa na haki, wakampigia makofi, naye akaanza kupata nguvu.

Mama Mukabutera, ambaye alihamia Columbus na kwa miaka mitano alikuwa akiishi mitaa miwili kutoka ukumbi huo, aliinua mkono. Hakuna aliyekuwa amemwita kutoa ushahidi. "Munapigania baridi yangu miaka yote hii," alisema. "Hakuna hata mumoja aliniuliza kama niliisikia. Sikuisikia. Koti lilikuwa zito. Ningali nalo, na silirudishi. Na ile picha ya soksi nibakie nayo. Hiyo ingine nafanana yatima."

Ukumbi ulicheka mpaka Athanasi akagonga meza. Hyacinthe peke yake hakucheka. Alikuwa akimngoja Bagula.

"Bon," alisema Bagula. "Kama kuna mutu ambaye labda aliumia kwa namna fulani kwa yale yaliyosemekana..."

Josiane alikohoa mara moja, kutoka safu ya tatu.

Bagula alitazama viatu vyake. "Hyacinthe, nilikusingizia. Nisamehe."

"Nimesikia, Papa Elisée," alisema Hyacinthe, akageuka kuangalia ukumbi. "Lakini ile ya kunitukana ilifika mpaka Buffalo. Hii, sijui kama wale wa nyuma wameisikia."

Wa nyuma wakasema hawakuisikia. Ulikuwa uongo, na Bagula aliweka akilini ni akina nani. Kisha akavuta pumzi, akarudia maneno yote matatu kwa sauti ile ile aliyotumia miaka mitano, hadi mtoto mmoja mlangoni akaamka akalia.

"Sasa sawa," alisema Hyacinthe, akamsogezea kiti.