Beringi ya Tatu

Stima ile ilikuwa imebeba abiria wa pwani miaka hamsini na minne, na mzee alikuwa ameitia mafuta thelathini na mmoja kati ya hiyo. Ijumaa walimstaafisha kwa soda, hotuba na saa ya ukutani. Jumatatu asubuhi saa ilikuwa imeshatundikwa, naye akizunguka chini yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Keti, baba," mkewe alisema. "Dirisha hilo umelifungua na kulifunga mara nne. Limekukosea nini?"

"Joto."

"Joto, na mvua yote hii?"

Akaketi. Akasimama. Kiganja cha kulia kilimwasha. Hicho ndicho kilichokuwa kipimajoto cha stima: injini ikizunguka, alikipenyeza kati ya vyuma, akagusa kila beringi, kile kikombe cha chuma kinachoshika mhimili unaozunguka, ilipopita, akakitoa kabla chuma hakijarudi. Ya kwanza, vuguvugu. Ya pili, vuguvugu. Ya tatu, moto, na ilikuwa moto kwa miaka kumi na mmoja. Kila robo saa aliipa kikombe cha ziada, ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Kwenye kitabu cha zamu aliandika, "Zote nzuri." Angeandika ukweli, wakaguzi wangeizuia stima, na chombo kikuukuu kikizuiwa hakitoki tena, huuzwa kwa kilo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Alilijua hilo, lakini siku zote yeye mwenyewe alikuwepo na kopo lake.

Leo hakuwepo. Zamu ilikuwa ya fundi aliyehamishwa kutoka meli nyingine, waliyembandika jina la Kitabu kwa kuwa hafanyi lisiloandikwa. Kitabu angetia mafuta kila nusu saa, kama ilivyoandikwa. Kufika bahari kuu, beringi ingeshika moto na kukwama, na injini ingesimama.

Honi ya kwanza ikalia: abiria wapande.

"Nenda kamuage mke mwenzangu," mkewe akacheka. "Nimemvumilia miaka thelathini na mmoja, leo ndiyo nitashindwa?"

Hakucheka. "Mama, kuna jambo sikuliandika."

"Sasa waniambia mimi? Mimi ndiye nahodha?"

Alitoka mbio na ndara zake. Honi ya pili, ya wasindikizaji kushuka, ilimkuta akipanda ngazi.

"Mzee, wenzako wanashuka!" baharia akamkemea. "Staafu, bwana!"

Chini kwenye injini Kitabu alikuwa na kopo mkono mmoja na saa mkono wa pili.

"Shikamoo, mwalimu. Umekuja kunikagua?"

"Marahaba. Beringi ya tatu. Ipe kikombe kizima kila robo saa."

"Imeandikwa wapi?"

"Wewe ipe tu."

"Na siku nikiugua? Nimnong'oneze mwenzangu naye amnong'oneze mwenziwe?"

Juu ya vichwa vyao miguu ilikuwa ikikanyaga, masanduku yakiburutwa, watoto wakilia. Watu mia mbili na ushei. Mzee alitazama vyuma vilivyong'aa kwa kitambaa chake mwenyewe, akavuta kitabu cha zamu. Miaka yote hakikuwa na doa hata moja la aibu yake. Akaandika kwa mwandiko aliojifunzia madarasa ya jioni: "Beringi ya tatu hupata moto. Miaka kumi na mmoja. Nilijua, sikuandika." Akatia saini. Yule fundi akakikwapua kitabu, akapanda nacho kwa nahodha.

Honi ya tatu, ya kung'oa nanga, haikulia. Mvuke uliachiliwa kwa mlio mmoja mrefu, ngazi ikabaki palepale, abiria wakaanza kushuka huku wakilaani.

"Harusi ya mwanangu keshokutwa!" alifoka mama mmoja mwenye sanduku la bati. "Ni nani huyo aliyetuharibia safari?"

"Mimi, dada."

Mama akamkagua toka ndara mpaka mvi. "Basi beba!"

Akambebea sanduku mpaka kituo cha mabasi, mvua ikimnyeshea, matusi yakimfuata. Hakugeuka nyuma. Lakini njia nzima kiganja chake cha kulia kilikuwa kikipapasa bati lile, huku na huku, kikitafuta penye moto.