Kipande Kinono

…na kimesukumwa kwake tena, kipande cha nyama kinono kuliko vyote, kimekuja kikiteleza juu ya wali mpaka upande wake wa sinia, kikatulia mbele ya vidole vyake kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa kiti, na kidole kilichokisukuma ni cha Mama Mkasi, mkata vitambaa, mkubwa wao wote hapa karakana, “kula, Pindo, kula mwanangu, umenyong'onyea siku hizi,” naye Pindo anasema ahsante mama, nakula mama, lakini mkono umegoma, umekaa ukingoni mwa sinia na tonge dogo lisilokwenda kokote, maana yule daktari wa mwezi uliopita hakupepesa macho, sukari imepanda, akasema, mafuta basi, soda basi, wali kiganja kimoja tu, ukiendelea hivi mama macho hayo yatakuaga… macho! Fundi cherehani unamwambia macho yatamuaga, si bora angesema miguu, miguu mtu atajikongoja, lakini pindo la sketi ya shule utalikunja kwa kupapasa? Na jana uzi umekataa kabisa kuingia kwenye tundu la sindano, akaulamba, akaukata, akaulamba tena, mwisho akajifanya anatafuta uzi wa rangi nyingine ili Redio, mshonaji mwenzake, asimwone, kwa sababu Redio akiona jambo asubuhi, mchana linajulikana hadi kwa muuza mkaa.

Sasa hivi Redio anasema kitu, mdomo umejaa, anasema habari za jirani yake aliyeolewa na kunenepa, “ametakata, nakwambia, shingo ina mistari, huyo ndiye mwanamke aliyeolewa,” na Vifungo anacheka, Vifungo mshona vifungo, msichana wa zamani ambaye sasa ana wajukuu, na Pindo anacheka nao kwa kuchelewa, kicheko kinatoka wakati wenzake wamemaliza… Ndivyo ilivyo huku mtaani, mtu akinenepa anapongezwa mwanamume wake, mtu akikonda anatafutiwa ugonjwa kabla ya kutafutiwa chakula, ana nini yule, mbona kaisha, na wifi yake mwenyewe alishamshika mkono sokoni, mbele za watu, “wifi, kama nyumbani hakuna si useme?” Useme nini? Useme nyumbani kipo ila nimekatazwa? Wiki iliyopita alijaribu, jamani mtu asiseme hakujaribu, alikuja na bakuli lake, mchicha na maharage, vimechemshwa na nyanya na kitunguu, hakuna hata tone la mafuta, akalifungua hapa hapa juu ya meza ya kukatia, na Redio hakumpa hata nafasi ya kumeza mate, “he! Pindo leo unakula peke yako, sisi tunanuka?” na Vifungo, “mwache, kapata bwana anayetaka kiuno chembamba,” wakacheka mpaka machozi, utani tu, utani wa kila siku, ila Mama Mkasi hakucheka, alimtazama kidogo kisha akainamisha uso, na hilo ndilo lililomuuma Pindo, akafunga bakuli, akasogea kwenye sinia, na mchicha ule akawamwagia kuku wa jirani jioni.

Mchicha. Mama yake angemchapa. Mama yake aliuchuma nyuma ya nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yalipomwagwa, na kwenye uzio kulikuwa na majani ya kunde, na majani ya maboga yenye vinyweleo ambayo yeye na dada yake waliyamenya nyuzinyuzi wamekaa kwenye kizingiti, wakipigana viwiko, vidole vikibaki vya kijani hadi kesho yake shuleni, na ile harufu, ee Mungu, harufu ya karanga zilizotwangwa zikiingia kwenye chungu wakati mvua inagonga bati, na mama akipiga ukingo wa chungu kwa mwiko, ko-ko-ko, hiyo ndiyo kengele yao, popote ulipo unakuja mbio… walikuwa hawana, ni kweli, na watoto wa nyumba ya pili waliwaita mbuzi, mbuzi wanakula majani, naye alilia siku moja akamwambia mama hataki tena majani, anataka mchuzi wenye mafuta yanayoelea macho-macho ya njano kama wa kwa kina fulani. Kisha kaka akapata kazi bandarini, akaja na kopo la mafuta amelibeba begani mchana kweupe ili mtaa mzima uone, na mtaa ukaona, majirani wakaja kuchungulia sufuria, “sasa mmeendelea!” na tangu siku hiyo mboga ya majani ikawa ya siku mbaya, ya kuliwa jikoni mlango umefungwa. Mama tu ndiye hakuiacha, aliwapakulia wao mchuzi unaong'aa, yeye akabaki na kijungu chake pembeni, nyinyi kuleni ya kwenu ya kisasa, na katika uzee wake wote alikaa mlangoni akitia uzi kwenye sindano bila miwani, ulimi nje kidogo, mara moja tu, chup, umeingia. Wakadhani ni bahati. Wakasema mama amejaliwa macho… laiti angekuwepo angemwambia nini sasa? Angecheka, kwanza angecheka, halafu angesema nipe hicho kisu tukachume.

“Pindo, wali unapoa,” ndiyo mama, na kipande bado kipo, mafuta yake yameanza kuganda ukingoni, yanakuwa meupe, na sheria ya sinia hili anaijua, walijiwekea wenyewe, kila mtu anakula upande wake, haruhusiwi kuvuka, ila unaweza kumsukumia mwenzio, na kilichosukumwa hakirudi. Kukirudisha ni kumwambia mtu mkono wako siutaki. Na mkono huu! Alipofiwa na mumewe, aliporudi kazini akiwa hagusi chakula, ni mkono huu uliosukuma kipande cha kwanza, Mama Mkasi akamwambia, “kulia nako kunataka nguvu, kula kwanza,” akala, akalia, akala tena, wakamlisha hivyo mwezi mzima mpaka mguu wake ukarudi kwenye pedali, ndugu wa damu wakiwa wamekwisha kurudi makwao kugawana vyombo vya marehemu. Leo amwambie nini? Kwamba upendo wako una sukari? Lo, hapana, afadhali macho yaende…

Afadhali? Anajisikia akisema hivyo moyoni na anaogopa, maana alikuwa anamaanisha. Na kwa kuogopa anakitazama kipande kwa mara ya kwanza kama kitu kilichotoka mahali, kimetoka wapi, kimetoka kwa Mama Mkasi, ndiyo, lakini sinia lilipotua hakikuwa kwa Mama Mkasi, kilikuwa kwa Vifungo, Vifungo akakisukuma haraka, “mkubwa kwanza,” na mkubwa hakukigusa kwa jino, akakipa njia… na jana je? Jana vilevile. Ni lini amemwona Mama Mkasi akitafuna mafuta? Anajaribu kukumbuka na hapati, anachokiona ni vidole vya mzee vikibingirisha tonge la ukubwa wa kifungo, polepole, vikilichelewesha, na vikombe vya maji, maji, maji, na viatu vilivyopasuliwa kwa mkasi ubavuni ili miguu iliyovimba ipate nafasi, na Vifungo naye kila mwezi anaaga kwenda kumwona shangazi mgonjwa, shangazi gani huyo haponi wala hafi? Mama yangu, kumbe tunapeana. Kumbe kila mmoja anamsukumia mwenzake kwa mapenzi kitu alichokatazwa yeye, na anayekipokea anameza kwa adabu, na sinia linazunguka, na yule aliyeinamisha uso siku ya bakuli hakukasirika, alilitamani. Kifua kinamjaa, hajui ni kicheko au ni kilio, wanawake wazima, jamani, tunauana kwa heshima.

Mkono wake bado uko ukingoni, kipande bado kipo, Redio bado yuko kwenye shingo ya jirani yake.

“Mama Mkasi,” anasema, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyotaka, “wewe kliniki unaenda siku gani?”

Redio anakatika katikati ya neno. Mama Mkasi anakitazama kipande, hamtazami mtu.

“Jumanne,” inajibu sauti, lakini si yake, ni ya Vifungo, na macho yake yako kwenye wali. “Mimi naenda Jumanne.”