Nusu Mtoto

Msusi alisimama mlangoni na watoto wawili. Wa kwanza nilimjua: binti yake wa miaka minne, ambaye mimi na shangazi tulimpa jina la Meneja. Wa pili alikuwa amebebwa kiunoni, mnene, kimya, kidole mdomoni.

"Mwalimu, nimekuletea na mdogo wake. Kwa huyu utanipunguzia nusu."

Jibu la hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ninalea watoto sebuleni kwangu: mikeka sita, vikombe sita, basi. Mkeka wa sita ndio mshahara wa shangazi, anayepika na kufua. Nikiutoa kwa nusu, shangazi anarudi kwao. Lakini kioo hakina macho kama ya msusi.

"Dada, huyu naye ni mtoto kamili," niliviambia viatu vyake.

"Kamili gani? Atalelewa na dada yake. Kwako wewe ni nusu mtoto tu. Jaribu wiki moja uone."

"Nitafikiria," nikasema. Kwangu mimi hiyo ni hapana. Yeye aliniachia mtoto, begi na nepi, akaenda zake.

Shangazi akachungulia kutoka jikoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia nitafikiria."

"Haya, ngoja nianze kufunga mizigo."

Meneja alikuwa amesikia kila neno. Mchana alininyang'anya kijiko. "Mama amesema namlea mimi!" Akamlisha mdogo wake mpaka masikioni. Mtoto akisinzia, anamwamsha kumuuliza kama amelala vizuri. Nikimgusa, anapiga yowe, na mdogo wake anaitikia.

Kufikia Jumatano wale wengine wanne nao walitaka mtu wa kumlea. Mmoja alimfunga mwenzake nepi kichwani. Shangazi alifua nepi, mashuka na pazia la dirishani, ambalo mpaka leo hatujui liliingiaje.

Ijumaa jioni msusi alimkuta Meneja ameketi kizingitini, mkoba mgongoni, nywele zimesimama kila upande.

"Mama, mimi nimeacha kazi."

"Kazi gani tena?"

"Ya huyu." Alimnyooshea mdogo wake kidole. "Halali, hasikii, anakojoa tu. Mtafutie mtu mzima."

Msusi akanitazama. Safari hii viatu vyake sikuviona.

"Dada, ni mtoto kamili," nilisema. "Na ada ni kamili."

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka yote.

Msusi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Haya, mmeniweza. Kamili! Na kwa taabu ya wiki hii, njoo saluni nikusuke bure."

Nilipapasa kichwa changu, ninachokinyoa tangu nikiwa chuoni. Shangazi alitokea jikoni, kilemba tayari kiko mkononi.

"Mimi ninazo!"